Chanzo cha Jeraha

Fomu ya PF3 ina mistari michache kwa mambo mengi.
Afande amelamba kalamu, akauliza jina.
Nikajibu mimi, maana mdomo wa wifi umevimba:
Ng'washi binti Lukelesha, wa Igombe, mwaloni,
miaka arobaini na mmoja, mkaanga sangara,
mgombea.
Akaandika: mkaanga sangara.

Chanzo cha jeraha?
Feni la kituo linakwaruza kama kisu kwenye magamba.
Wifi ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto
kama aliyebebeshwa mtoto wa mwenzie.
Afande anatusaidia jibu. "Mume?"
Mume alizikwa Kayenze mwaka wa mafuriko.
"Basi deni. Hizi kausha damu zenu."
Hapana, afande.
"Wivu, basi. Wanawake wa mwaloni mna mambo."

Walikuja saa nane usiku, watu sita,
helmeti za bodaboda vichwani
na hakuna aliyesikia pikipiki.
Mgombea wa kata ya pili, mwanaume, walimchania mabango.
Wifi walimchania gauni.
Yule waliambiwa watoto wake wamwambie: jitoe.
Huyu aliambiwa jitoe, likaongezwa na jina
ambalo nimeligeuza kichwani usiku kucha
na sijaliona la kiume chake.
Nywele wakazikata kwa mkasi wa nyavu,
ule wenye kutu, unaong'ata kabla ya kukata.
Kisha wakamuuliza ni mkono upi unaotia sahihi.
Akasema kweli. Ndiye wifi yangu huyo,
hata mizani yake haikuwahi kuonja kidole.

Halafu wakashuka ufukweni na karatasi.
Ni ya wadhamini, majina ishirini.
Ilikaa ofisini, ndani ya jalada, ndani ya kabati, chini ya kufuli.
Wakasoma kwa tochi:
Mbuke. Nyanzobe. Mama Bwire wa Ukara.
Kila jina kichanja chake,
kila kichanja nusu galoni ya mafuta ya taa.
Hawakuwasha. Ya nini kuwasha?
Kulipokucha dagaa waling'aa vilevile, fedha tupu.
Korongo wakatua, wakaonja,
wakapangusa midomo mchangani,
wakaenda zao.

"Nitaandika ugomvi," anasema afande. "Daktari anasubiri fomu."
Hajakosea. Daktari anasubiri. Mfupa nao unasubiri.
Wifi anainua shingo. Neno linatoka na mate mekundu,
kipande kipande:
u cha gu zi.

Afande anatazama mlango.
Anaigeuza fomu nyuma na mbele kama anayetafuta bei.
"Hapa hakuna sehemu ya hiyo."
Anampa kalamu. Wifi anaipokea kwa kushoto,
na sahihi inatambaa, inaanguka, inainuka,
inavuka mstari,
inaingia palipoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi Tu.

Nami nimo humu, msidhani simo.
Kalamu ilipozunguka mwaloni, mwezi wa sita,
nilisema nimeacha ugali motoni.
Sikuwa na ugali. Sikuwa na moto.
Kwa hiyo kichanja changu ni kizima.
Alfajiri ya leo wachuuzi wa Kirumba walipofika
walikuta dagaa wangu pekee ndio wanaonuka dagaa,
wakanipa bei ambayo sijaiona
tangu niolewe na kaka yake.
Mbuke alikuwa pembeni, ana ndoo, anaosha kisichooshika.
Hakunitazama. Nilihesabu haraka.

Noti ziko hapa, fundo la kanga kiunoni,
na kila ninapoinama kumfuta wifi damu
zinachakarika
kama karatasi.